Mtani Aliyetuchukua Msibani

Tumbaku ambayo haijakauka sawasawa ina harufu tamu, kama asali iliyomwagika jikoni ikaungua kidogo. Wapo wanaoipenda. Lori lililojaa mitumba ya tumbaku likipita hapa mtaani Kanyenye, watoto wa jirani wanavuta pumzi na kusema inanukia. Mimi nageuza uso. Mate yananijaa mdomoni, na vidole vyangu hivi vya mtu mzima vinaanza vyenyewe kujifuta kwenye kanga, kama vile bado vina ule utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Inabidi nikae. Nikishakaa najikuta tena mtoto wa darasa la pili, na ninamwogopa baba mkubwa.

Jina lake lilikuwa Paulo Mihambo. Nalitaja lote kwa sababu alikufa akiitwa mzee wa busara na kaburi lake limesakafiwa vizuri, na watu wa namna yake wanafurahi sana tukisema "mtu fulani". Siyo mtu fulani. Ni Paulo Mihambo wa Ntalikwa, kaka yake baba yangu. Baba yangu ni Lukas Mihambo, ambaye hakuwahi kufanya jambo bila kaka yake kumwambia, na hakuwahi kuambiwa jambo akakataa kulifanya. Yupo na wa tatu, nitamtaja akifika. Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo maneno ya kupamba sina. Nitawasimulia nilivyoona.

Lakini siwezi kuanzia mahakamani. Inabidi nianzie msibani, siku tuliyomzika bibi yangu, mama yake mama, hapahapa Kanyenye. Wakati huo mama na baba walikuwa bado wanaishi pamoja kule Ntalikwa mashambani, na ukoo wote wa Mihambo ulikuja kuzika. Mdogo wangu Maganga ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mimi nilikuwa na akili ya kutosha kukumbuka kila kitu, ila ya kukielewa bado.

Mlango wa pili kutoka kwa bibi alikaa Bibi Mwanahawa. Huyu alikuwa Mzaramo, mumewe alikuwa fundi wa reli, akamleta huku, akafia huku, naye akasema hawezi kuliacha kaburi lake na Wanyamwezi. Alikuwa mfupi, mnene, na alishinda barazani akishona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, na kuwasema wapita njia. Sauti yake ilivuka mtaa mzima.

Siku hizi ukisema watani wa jadi, vijana wanafikiria mpira. Sisi na Wazaramo utani wetu umetoka njiani. Babu zetu walipokuwa wapagazi walitembea kutoka hapa mpaka pwani na mizigo begani, na mwisho wa safari, wamechoka, hawamjui mtu, waliowacheka na kuwapa maji ndio hao Wazaramo. Basi ikabaki hivyo. Mzaramo anaweza kuingia msibani kwa Mnyamwezi akafanya mambo ambayo ndugu akiyafanya atapigwa. Atavaa nguo za marehemu. Ataigiza alivyokuwa anakohoa. Atachukua kitu chochote cha wafiwa akakiweka kwake mpaka kikombolewe, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anatakiwa amjibu kwa kejeli kubwa zaidi. Ndivyo watu walivyokuwa wakitolewa kwenye kilio.

Siku ile Bibi Mwanahawa aliingia amevaa gauni la bibi la kanisani juu ya nguo zake, limembana mpaka mishono inalia, naye analia kilio cha uongo kama mbuzi. Akafunua masufuria. Akakagua mikeka. Akasema nyumba hii ya wapagazi haina hata kitu cha kuibwa. Halafu akatuona sisi. Akachana ukanda wa kanga kuukuu, akatufunga mkono wangu na wa Maganga pamoja.

"Hawa ndio wangu," akasema. "Babu zenu walikunywa maji yetu mpaka visima vikakauka, wakaondoka hawakuaga. Leo nimechukua changu."

Mama alikuwa ameegemea ukuta, uso umevimba, tangu mauti yatokee hajatia kitu kinywani. Nilimwangalia ili anitoe. Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu mama yake afe, akacheka, akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia:

"Chukua wote wawili, mla nazi wewe. Wanakula kama nzige. Na usiwarudishe."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Baba mkubwa Paulo alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya pama mkononi, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango asianguke. Hilo nalikumbuka vizuri. Alicheka kuliko wote.

Tulishinda kwa Bibi Mwanahawa. Alitulisha wali wa nazi, akatupaka mafuta, Maganga akashiba akalala. Mimi sikulala. Jioni mama akaja na jogoo kwapani, wakarushiana maneno pale mlangoni, jogoo akaingia ndani na sisi tukatoka nje. Kwa wakubwa jambo liliishia hapo. Kwangu halikuisha, kwa sababu hakuna aliyenieleza. Mkubwa gani atamweleza mtoto utani, wakati yeye mwenyewe aliujua bila kuelezwa? Mimi kule shambani sikuwa nimewahi kumwona Mzaramo. Nilichokuwa nacho ni masikio yangu, na masikio yangu yalimsikia mama akisema usiwarudishe. Huyo jogoo sikumwelewa. Niliona kama vile mama ametuazima tu, na siku yoyote mwenyewe atatuhitaji. Tangu hapo nikawa mtoto mwema kupita kiasi. Nikimwaga uji nilikuwa natetemeka, na mama akawa anawaambia watu huyu binti ana aibu.

Baada ya hapo ndipo ubaya ulipoanza. Paulo aliongeza shamba la tumbaku, akataka mikono. Mikono ya watu wazima inalipwa. Ya watoto wa mdogo wake hailipwi. Akamwambia baba anitoe shule nikafunge majani. Mama akakataa. Baba akaambiwa na kaka yake kwamba mwanamke anayekataa mbele ya watu anafundishwa, basi naye akamfundisha, kwa fito zilezile za kutundikia tumbaku. Mama alivumilia mara kadhaa. Asubuhi moja akamfunga Maganga mgongoni, akanishika mkono, tukaifuata barabara ya mjini tukiwa hatujanywa hata uji.

Tulikuwa tunakwenda kwenye chumba alichokiacha bibi. Mimi hilo sikuambiwa. Nilipoona tumeingia mtaa ule, na Bibi Mwanahawa yuko barazani anatuangalia tunavyokuja, nilijua tu: narudishwa kwa mwenyewe. Nilikaa chini katikati ya njia nikakataa kutembea. Mama, na uvimbe wake wa jicho, alidhani nimechoka. Akanibeba.

Kanyenye tuliishi vizuri, kwa kadiri ya watu wasio na kitu. Mama alichemsha viazi, akavikata, akavianika juu ya bati vikawa matobolwa, akayauza sokoni pamoja na karanga. Akiwa sokoni Bibi Mwanahawa ndiye aliyetuangalia. Alitufundisha kula kwa adabu na kutukana kwa ustadi. Kila mteja wa kofia aliyefika alionyeshwa sisi: "Waone watoto wangu hawa, niliwaokota msibani kwa wapagazi." Wateja wanacheka. Mimi naingia ndani najificha nyuma ya pazia.

Ndipo siku moja Paulo na baba wakaja na baiskeli mbili. Paulo hakushuka hata kumsalimia mama. Alisema, "Ng'ombe zilitoka. Watoto ni wa ukoo. Tutakuja kuwachukua mkishawafulia nguo." Alisema polepole bila kupandisha sauti, kama mtu anayeagiza mbolea. Baba alikuwa anaangalia gurudumu la baiskeli yake.

Mama hakulia. Kesho yake alivaa kitenge chake kizuri akaenda Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri mwenyewe kabla hawajarudi. Mwanamke wa matobolwa, asiyemjua hata karani. Alitaka jambo moja tu: sisi tubaki kwake. Baadaye alisema hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa anaogopa baiskeli zile kuliko alivyoogopa hakimu.

Siku ya kesi tuliambiwa twende na sisi, hakimu atuone. Tulikaa kwenye benchi refu lililong'arishwa na makalio ya watu wenye shida. Hakimu alikuwa kijana, mgeni, ametoka mkoa wa mbali, na hakuwa mtu mbaya. Kulia na kushoto kwake walikaa washauri wa mahakama, wazee wawili wa hapahapa. Mmoja sikulijua jina lake. Mwingine ni yule wa tatu niliyesema nitamtaja: Daudi Kasubi, Mnyamwezi, mkulima wa tumbaku, aliyekuwa akikausha majani yake kwenye mabani ya Paulo Mihambo. Hakimu hakulijua hilo. Sisi wote kwenye benchi tulilijua.

Pale nje, kabla hatujaingia, bwana mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu maombi yao alimvuta mama pembeni. Nilikuwa nimeshika kitenge chake, nikasikia. Alimwambia, "Nimesikia watakachosema. Wataleta maneno ya msibani. Wewe kana tu. Nani ataleta ushahidi wa msiba?" Mama akanishika mkono, tukaingia ndani.

Ikaja kama alivyosema. Paulo alisimama, pama iliyokuwa magotini sasa kaishika kifuani, akaapa, akaeleza kwa heshima kubwa kwamba mwanamke huyu alishawagawa watoto. Mbele za watu, kwenye mazishi ya mama yake, aliwatoa kwa mwanamke wa pwani ambaye si ndugu, kwa kinywa chake, akasema wasirudishwe. Na kuku alipita mkononi. Na mpaka leo yule mwanamke anawatangaza barazani kwamba ni wa kwake. "Sisi hatuna ugomvi, mheshimiwa," akasema. "Tunaokota damu yetu iliyotupwa."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nilikuwepo.

Hakimu akaandika, akainua uso. "Mama, maneno hayo uliyasema?"

Mama alikuwa kasimama, mikono ameifunga mbele. Hakumtazama hakimu. Aligeuka akanitazama mimi pale kwenye benchi, akanitazama kwa muda mpaka karani akakohoa.

"Nilisema," akasema.

"Na huyo kuku?"

"Alikuwepo, mheshimiwa. Nilimtoa mimi, kuwakomboa. Ulikuwa utani. Yule ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi."

Alisema hivyo akanyamaza, kama mtu aliyemaliza kueleza kila kitu. Kwake alikuwa amemaliza. Ni kama kumwambia mtu kwamba mvua ilinyesha. Utaeleza nini tena? Hakimu akawageukia washauri wake. Akauliza kama huku kuna utani wa namna hiyo, wa kuchukua watoto wa watu.

Daudi Kasubi alijikuna shingo. Alikuwepo kwenye ule msiba. Alikula ubwabwa wetu. "Utani upo, mheshimiwa," akasema. "Wa maneno. Huo wa kuchukua watoto mimi sijausikia." Yule mzee mwingine akatazama dari.

Hakimu akasema shauri litaahirishwa, mwanamke wa pwani aletwe aulizwe. Kwa sasa yule mdogo anamhitaji mama, abaki naye. Yule mkubwa aende kwa baba yake mpaka siku itakayopangwa. Yule mkubwa ni mimi.

Nilitolewa pale nimekaa mbele ya baiskeli ya Paulo, siyo ya baba. Mikono yake ilikuwa huku na huku kwangu, imeshika usukani, inanuka tumbaku. Tukapita nyumba za mwisho za mjini. Halafu akaniambia sikioni, taratibu kabisa, "Umemsikia mwenyewe. Alikuuza kwa kuku. Sisi ndio tumekuokota."

Ulikuwa msimu wa kuchuma. Majani yanachumwa alfajiri yakiwa na umande, unayakumbatia kifuani, maji yake yanapenya kwenye nguo, na jua likipanda kichwa kinaanza kuzunguka na unatapika hata usichokula. Wenyewe wanaita kuzoea. Mchana tulifunga majani kwenye fito. Zikijaa, fito zinapandishwa ndani ya bani, ile nyumba ndefu ya udongo isiyo na madirisha, zinatundikwa ngazi kwa ngazi mpaka juu kabisa chini ya paa. Kule juu wanapandishwa wepesi. Mimi nilikuwa mwepesi. Nilisimama na mguu mmoja mti huu na mguu mwingine mti ule, giza chini yangu, napokea fito nzito za majani mabichi, jasho linaingia machoni na siwezi kulifuta kwa sababu mikono ina utomvu unaowasha. Bani hilo lilikuwa bado na joto la moto uliotangulia. Sauti ya Paulo ilitoka chini, sikuiona sura yake: "Sogea." Hakuwahi kunipiga. Nilikuwa natamani anipige nijue mwisho wake uko wapi.

Siku moja mguu uliteleza. Nilining'inia kwa mikono, fito ikaanguka, majani yakatawanyika chini. Nilisikia baba akiinuka na kusema jina langu, "Kalunde." Paulo akasema, "Okota kwanza majani." Na baba yangu, Lukas Mihambo, akainama akaokota majani. Nilijivuta mwenyewe nikarudi juu ya mti. Nawaambia hili si kwa kutafuta huruma. Nataka lijulikane.

Kilichoniuma kuliko kazi ni kwamba sikuwa na mtu wa kumsubiri. Mtoto aliyeporwa anamsubiri mama yake. Mimi nilikuwa nimegawiwa, na mama alikiri kwa hakimu, kwa kiapo, huku ananitazama usoni. Kwa hiyo nilisubiri tu siku ya mahakama kama ng'ombe anavyosubiri mnada, ajue ni zizi lipi.

Siku hiyo ilipofika Bibi Mwanahawa alikuwepo. Sikumtambua. Alikuwa amevaa baibui lililopigwa pasi, kajitanda mpaka kidevuni, kakaa kimya kama mgonjwa. Kumbe mama alikuwa amemwomba wiki nzima: Bibi, tafadhali, mahakamani usifanye utani wako, watatufunga wote. Na yeye, ambaye hakuwahi kumtii mtu, akatii.

Akaapa kwa msahafu. Akaongea kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, mheshimiwa. Niliwachukua kwa utani, mheshimiwa, ni desturi. Na kila alivyozidi kuwa mwenye adabu ndivyo alivyozidi kuonekana anadanganya. Hata mimi sikumwamini. Hakimu alimuuliza Paulo kama anamfahamu. Paulo alitabasamu kwa masikitiko.

"Nimemwona mara moja msibani, mheshimiwa. Mimi na yeye hatujuani. Utani gani wa watu wasiojuana?"

Daudi Kasubi akatikisa kichwa kukubali. Hakimu akaandika. Nilimwona mama anashika ukingo wa benchi, anamwangalia Bibi Mwanahawa kama mtu anayezama. Karani akamwambia Bibi amemaliza, arudi akakae.

Kurudi kwake kulimpitisha mbele ya Paulo. Alipita. Akasimama. Akarudi hatua moja, akanyoosha mkono, akaitwaa ile pama kutoka magotini mwa Paulo kama mtu anayetwaa embe sokoni, akaigeuza, akachungulia mshono ndani.

"Kofia hii imeshonwa na kipofu," akasema, kwa sauti yake, ile ya barazani. Akaivaa juu ya mtandio. "Mpagazi wangu, leo utarudi kwenu kichwa wazi. Ukiitaka, lete jogoo. Na awe mnene, siyo kama yule wa msibani, alikuwa na kifua kama chako."

Karani alishainuka kumkamata. Lakini Paulo alishacheka. Haikuwa hiari yake, nadhani. Alilelewa hivyo, babu yake alicheka hivyo. Mabega yakamruka, na maneno yakamtoka kabla hajayashika:

"Rudisha, mla nazi we, nitakufunga kamba nikupeleke kwenu Kisarawe kwa miguu, na mzigo wa chumvi kichwani. Kwanza jogoo yule alikukomboa na njaa."

Yule mzee mwingine, aliyekuwa akitazama dari, akacheka kwa sauti. Benchi zima likacheka. Halafu kicheko kikakatika kwa pamoja, kwa sababu Paulo alikuwa ameshasikia alichokisema. Alibaki amenyoosha mkono kuidai kofia.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mzee Mihambo," akasema, "huyu mama ni nani kwako?"

Paulo alimwangalia Kasubi, Kasubi akaangalia viatu vyake.

"Nakuuliza wewe."

"Mtani wangu," akasema Paulo.

"Na jogoo alitoka kwa nani akaenda kwa nani?"

Akajibu. Ilibidi ajibu: kwa mama, akaenda kwa Bibi Mwanahawa, kutukomboa. Bibi Mwanahawa alikemewa vikali, akaambiwa bahati yake ni uzee wake, akairudisha kofia kwa unyenyekevu mkubwa. Tuliitwa tena siku nyingine kusikiliza hukumu, na hukumu ilikuwa kwamba watoto wote wawili wakae na mama yao. Mtoto wa kike asifanyishwe kazi za shamba. Basi.

Watu walimpongeza mama. Mimi nilirudi Kanyenye na kikohozi, na vidole vyeusi, na darasa limeniacha mbali. Sikuwahi kulifikia tena. Niliwafuata wenzangu kwa nyuma mpaka la tano, nikaacha shule. Paulo hakulipa chochote kwa hilo, wala Kasubi, aliyeendelea kukaa kiti kilekile na kuamua mambo ya watoto wa wengine. Baba aliwahi kuja mara moja akasimama ng'ambo ya mtaa, akaondoka. Sijawasamehe, na padri anajua sijawasamehe.

Lakini si wao walioninyima usingizi miaka yote hiyo. Waongo niliwaelewa mapema. Nisichokielewa ni kwa nini mama alisema kweli. Utani nilikuja kuujua, nikawa mtu mzima, nikawatania Wazaramo wangu mwenyewe. Bado ile "nilisema" ilinikaa. Neno moja la kukana, na nisingepanda lile bani.

Nilikuja kumuuliza nikiwa nimeshazaa. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya karanga, mama macho yamekwisha, anamenya kwa kupapasa. Nikamwambia, "Mama, yule bwana alikwambia ukane. Kwa nini hukukana?"

Akaendelea kumenya. "Wewe si ulikuwa umekaa kwenye benchi?"

"Nilikuwepo."

"Na msibani si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nilijua ulisikia. Tangu siku ile ulikuwa unaniangalia kwa wasiwasi kila nikisimama. Nikawa sijui nianzie wapi kukueleza." Akapuliza maganda mkononi. "Sasa ningesimama pale nimeshika Biblia nikasema sikusema, na wewe unajua nilisema, ungefikiri nini? Si ungesema mama anaficha, basi ni kweli alitugawa. Hakimu akikosea, kuna mahakama nyingine juu yake, ningekwenda. Kwako ningekata rufaa wapi?"

Siku ile mahakamani nilidhani ananitazama vile kwa kuniaga. Kumbe hakimu alikuwa ameuliza, na mama alikuwa ananijibu mimi. Alijua jibu hilo linaweza kumnyang'anya watoto wote wawili, na bado akanijibu. Jibu lenyewe nililipokea nikiwa mama wa watu, na yeye haoni tena uso wangu. Nilimshika mkono uliojaa maganda, akauacha kidogo, halafu akasema karanga haziwezi kujimenya.